Tumba la Muzee Kasereka

Batoto bangu, kila mwaka wakija wapya hapa shambani kwangu kujifunza maua, swali ni lile lile. Mama Kavugho, ile sabo mbaya pale karibu na pipa la maji, unaiweka ya nini? Mwaka huu mmoja wenu, simtaji jina, aliniomba ruhusa aitupe apate nafasi ya vyungu vyake. Nilimfokea mpaka akaangusha ndoo. Jioni niliona aibu, maana alisema ukweli. Kwa sheria ya kazi yetu, sabo ile ilipaswa kutupwa zamani sana. Ndiyo sababu nimekaa chini kuandika.

Ninaandika Kiswahili cha shule, kile mwalimu alichotufundisha kwa fimbo, lakini watu wakisema nitawaacha waseme kama tunavyosema hapa Butembo na kule Beni, njo badala ya ndiyo, ao badala ya au, mais badala ya lakini, tata badala ya baba. Muzee Kasereka nikimtia Kiswahili cha kitabu mdomoni, atafufuka anichape.

Tuanze na kazi, maana mimi ni mtu wa kazi. Orkide hii tuliiita sabo kwa sababu ya mfuko wake wa mbele, unaofanana na kiatu cha mti cha wazungu wa zamani. Ua lake lina vitu vitatu vya kutazama. Juu kuna bendera, lile jani pana. Lisimame wima, lisilale nyuma, lisiinamie upande. Pembeni kuna mikono miwili, nayo iwe sawa kwa urefu na upana, isijikunje. Chini kuna kiatu, nacho kikae katikati. Basi. Rangi ni ya mwisho. Ninyi na simu zenu mnaanza na rangi, ndiyo maana mnadanganyika.

Mimi nilifika kwenye nyumba ya maua ya misioni, Beni, kama mfagiaji. Ilikuwa nyumba ya vioo na plastiki aliyoijenga Padiri mmoja mzungu, mrefu, mpenda maua kuliko watu, Mungu anisamehe. Lakini mwenye nyumba ile kwa kweli alikuwa Muzee Kasereka, mkubwa wa bustani, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa. Wakati ule alikuwa ameshafanya kazi pale miaka zaidi ya ishirini. Aliniuliza kwetu wapi, nikasema Kalunguta. Akaniuliza nasali wapi. Nikamwambia sisi ni Waprotestanti.

“Eh! Vizuri sana,” akasema. “Muprotestanti hana sikukuu za batakatifu. Utafanya kazi siku zote.”

Na kweli, wakati Wakatoliki wote wakiwa kwenye sikukuu ya mtakatifu fulani, mimi nilikuwa peke yangu na sabo mia mbili. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza. Niliona mimea yote imeinamia upande wa dirisha, nikaihurumia ile ya pembeni. Nikaanza kugeuza vyungu kila asubuhi, kila mmea upate jua lake, kama mama anayegawa bugali kwa haki. Matumba yalikuwa yameshatoka. Ilipofika Pasaka, tulipeleka maua altareni, na kila ua lilitazama upande wake. Moja lilitazama askofu, jingine mlango, jingine paa. Shingo zote zilikuwa zimepinda kama za watu wanaogeuka kutazama lori likipita katikati ya mahubiri.

Muzee Kasereka alinishika sikio, mimi mwanamke mzima mwenye mtoto.

“Kavugho, uko nageuza byungu?”

“Ndiyo, Muzee. Nilitaka yote yaone jua.”

“Ua iko natafuta mwangaza. Leo unaigeuza huku, kesho kule, shingo yake ifanye nini? Tumba likisha kutoka, hapana gusa chungu. Hapana! Hata nyumba ikiwaka moto, beba vile iko.”

Tangu siku ile alinifundisha kuchomeka njiti ya kiberiti kwenye ukingo wa chungu, upande unaotazama dirisha. Ukikitoa kukisafisha, unakirudisha njiti ikitazama palepale. Mnaona njiti zangu mnacheka, mnasema mama anafanya uganga. Uganga wangu ni huo.

Mbegu ya sabo ni vumbi tu. Ukipiga chafya, umepoteza ukoo mzima. Padiri alikuwa anaichemshia uji wake maalum kwenye sufuria ya presha, anaumimina kwenye chupa, anapanda mbegu ndani na kuziba. Chupa nzuri kwa kazi hiyo zilikuwa zile bapa za wiski. Basi Muzee Kasereka alitumwa kuziomba kwenye mahoteli, na kila Jumamosi alivuka soko na kapu la chupa za wiski kichwani, akielekea nyumbani kwa Padiri. Fikirieni maneno ya watu! Mama mmoja wa Lejio ya Maria alianza novena ya kumwombea Padiri aache pombe. Muzee alijua, naye hakumwambia mtu ukweli, alifurahi tu. Hivyo ndivyo alivyokuwa kabla ya macho kumharibikia.

Sasa sikilizeni jambo kubwa la kazi hii, maana bila kulielewa hamtaelewa yaliyobaki. Toka chupani mpaka ua la kwanza ni miaka mitano, sita, hata saba. Na ua la kwanza lina uongo mwingi. Mmea ni mchanga, una shina moja tu la majani, unajikaza kutoa ua kabla hauna nguvu. Linatoka dogo, bendera inalala nyuma, mkono mmoja unajikunja. Mwenye haraka anaona, anatupa. Padiri alikuwa na haraka, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Sheria yake ilikuwa hii: ua la kwanza baya, mmea unaenda kwenye lundo nyuma ya jikoni.

Nilijifunza sheria hiyo vizuri kuliko mwalimu wake. Nilipewa kazi ya kuchagua, nikaanza kujiona mtu. Siku moja nilitupa sabo kumi na tisa kabla ya saa sita mchana. Saa saba nilimkuta Muzee amechutama kwenye lundo, anaziokota moja moja na kuzipanga ndani ya kofia yake.

“Muzee, hizo ni mbaya. Niliziona mwenyewe.”

“Uliona nini? Uliona ua la siku mbili la mutoto. Ungoje lifunguke siku kumi, bendera ipande yote, njo utazame. Halafu ungoje shina la pili. Ua la pili njo linasema ukweli. Wewe hata mutoto wako ulimuhukumu siku ile alizaliwa?”

Tulizificha nyuma ya pipa. Miaka miwili baadaye, tatu kati ya hizo zilitoa maua ambayo Padiri alipiga picha akazituma kwao Ulaya, akasifiwa. Kumi na sita zilizobaki zilikuwa mbaya kweli. Ninalisema hili pia, msije mkafikiri kila kinachongojwa kinakuwa kizuri.

Mnajua kwamba mmea mpya unapewa jina, na jina linaandikwa kwenye kibao kidogo cha bati. Nyumba nzima ilijaa vibao vya Padiri, vya rafiki zake Padiri, vya bibi mmoja wa Ulaya ambaye hatujawahi kumwona. Miaka yote hiyo Muzee Kasereka alilea watoto wa watu. Siku moja, Padiri akiwa na malaria na homa imempanda, Muzee alichukua kijiti, akatoa ungavumbi wa sabo moja ya njano yenye kiatu kikubwa, akaupaka kwenye sabo nyingine ya majani ya madoa. Ile ya madoa haikuwa nzuri. Bendera yake ilikuwa inainamia kushoto. Lakini haikuwahi kuugua hata siku moja, na ndiyo aliyoipenda.

Padiri alipopona alicheka sana. Alisema Kasereka ameozesha malkia na mchunga mbuzi. Lakini alikuwa mtu mwema, akampa chupa moja, moja tu, apandie mbegu zake. Chupa ile iliingiwa na ukungu. Mimea ikafa, ikabaki mmoja. Muzee akaupandikiza kwenye chungu, na kwenye bati akakwangua kwa msumari jina KASEREKA. Hakuna tarehe, hakuna namba, hakuna kitu kingine.

Mwaka wa nne wa mmea ule, macho yake Muzee yakaanza kuingia ukungu nayo. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, aende hospitali kubwa wakamtoe. Kwanza hakutaka, halafu vita ikaingia, njia ikafungwa, daktari mwenyewe akakimbia.

Vita yetu hamkuiona, mliisikia. Sitaieleza yote, wapo wanaojua kuieleza. Waasi waliingia, wakatoka, wakaja wengine wenye lugha nyingine, tukawa tunajifunza kila mwezi ni nani wa kumwita chef. Padiri aliondoka na ndege ya mwisho ya misioni, analia, ameshika begi moja. Alituachia funguo. Mshahara ulikwisha, lakini tuliendelea kuja asubuhi kumwagilia, kwa sababu kukaa nyumbani na kusikiliza ilikuwa mbaya zaidi. Muzee wakati ule alikuwa haoni isipokuwa kivuli na mwanga. Alifanya kazi kwa vidole. Aligusa jani akajua kiu, aligusa shina akajua umri. Tuliambiana wenyewe kwa wenyewe kwamba anaona kuliko sisi.

Mwaka wa saba wa ule mmea, Muzee akaliita jina langu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nilikimbia nikidhani nyoka.

“Weka kidole hapa. Mu moyo wa majani. Polepole! Unasikia?”

Kulikuwa na ala ndogo imesimama katikati ya majani, na ndani yake kitu kigumu kama punje ya haragi. Tumba. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akaanza kulia, bila kuficha uso.

Siku zile mapigano yalikuwa yanasogea upande wetu. Majirani walikuwa wanafunga magodoro. Muzee alikuwa mjane, na binti yake mmoja tu, Masika, alikuwa ameolewa hapa Butembo. Masika akanitumia barua kwa dereva wa lori la viazi. Ilikuwa na mistari miwili: “Kavugho dada yangu, uniletee tata muzima. Hana mutu mwingine kule isipokuwa wewe.” Nilimjibu kwa dereva yule yule: nitamleta. Niliapa, batoto. Mwanangu nilikuwa nimeshampeleka kwa mama yangu Kalunguta. Nilibaki Beni kwa ajili ya muzee yule tu.

Nilimsomea barua. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Tutaenda. Mais ua kwanza.”

“Muzee, tumba litakaa siku ngapi?”

Akagusa. “Siku kumi na mbili. Labda kumi na ine.”

“Basi tubebe chungu na tumba lake. Nitakiweka mu kitunga, nitakifunga vizuri.”

“Hapana. Njia yote ile? Litatikiswa, litageuzwa, mwangaza itabadilika kila saa. Ao litakauka, ao litafunguka limepinda. Na likipinda sitajua ni damu yake ao ni njia. Nimengoja miaka saba nijue, Kavugho. Nitaligusa likiwa vile iko.”

Nilimbembeleza siku mbili. Nilimletea mpishi wa misioni amweleze, akamfukuza. Nilimwambia watatuua. Akasema, “Wewe enda. Mimi niko muzee, watapata nini kwangu?” Siku ya tatu tulisikia mizinga upande wa mto, na familia tatu za mwisho za barabara yetu zikaondoka. Ilikuwa Jumapili. Muzee alikwenda misa na fimbo yake, kwa sababu kanisa lilikuwa hatua mia kutoka pale, na padiri mweusi aliyebaki alikuwa bado anasoma misa.

Niliingia nyumba ya maua peke yangu. Nilisimama mbele ya chungu kile muda mrefu. Tumba lilikuwa limeshatoka kwenye ala, shingo yake ndefu kama kidole cha kati, ya kijani, yenye vinywele. Nilifikiri juu ya Masika. Nilifikiri pia juu yangu, nisidanganye, nilikuwa nataka kumwona mwanangu. Nikaweka ukucha wa dole gumba chini ya shingo, nikabana. Lilitoa sauti ndogo sana.

Alipotoka misa nilimpokea mlangoni.

“Muzee, pole. Tumba limeoza.”

“Limeoza namna gani?”

“Maji iliingia mu moyo. Nimelikuta jeusi, nimelitoa lisiharibu mmea.”

Nilikuwa nimetayarisha majibu mengi. Nilifikiri atanigombeza, atataka kuligusa. Sikutayarisha alilolisema.

“Ni mimi,” akasema. “Jana nilimwagilia mimi. Sikuona maji imeenda wapi. Macho haya, Kavugho. Ni mimi nililiua.”

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini alikuwa ameshageuka kwenda kuchukua koti lake, akisema twende basi, hakuna tena kitu cha kungoja. Nikafunga mdomo.

Tulitoka saa ileile. Nilimkalisha nyuma ya kinga, baiskeli ya misioni, na chungu nikakifunga mbele ndani ya kitunga. Niliisukuma kinga ile mpaka mikono ikafanya malengelenge. Njia ilijaa watu, mbuzi, masufuria. Kwenye barriere moja, kizuizi cha njiani, soda, yaani askari, alifunua kitunga kwa ncha ya bunduki akauliza, “Oyo nini?” Nikamwambia maua, chef. Akauliza kama yanaliwa. Nikasema hapana. Akatutazama, mwanamke anatoka jasho, kipofu nyuma, jani mbele, akatupungia tupite. Nadhani alituona wazimu.

Kila tulipopumzika Muzee alinyoosha mkono kuelekea kitunga, na kila mara nilimwambia achana nacho, kinanuka, kimelowa. Tulilala kwa mama yangu Kalunguta. Mama alimpa kasikisi kidogo, ile pombe ya ndizi, akanywa, akaomba radhi kwa mama yangu kwa kunichelewesha Beni kwa sababu ya ujinga wa uzee wake. Ndivyo alivyosema, ujinga. Mama alimwambia Mungu ni mwema. Mimi nilikuwa nimempakata mwanangu nikashindwa hata kumfurahia.

Masika alitupokea kwa vigelegele. Alipiga magoti mbele yangu barabarani, watu wakitazama. “Umeniletea tata muzima. Sitasahau.” Na hakusahau, mpaka leo akija ananiletea maharagi ya Lubero, gunia zima, na kila mara nalipokea.

Siku ya tatu Muzee aliomba chungu chake. Sikuwa na uongo mwingine. Nilimwekea mapajani, karibu na dirisha. Vidole vyake vilipita juu ya majani, jani moja, la pili, vikashuka moyoni. Vikasimama. Alipapasa kisiki kile kidogo kwa kidole cha shahada, akakizunguka, akarudi, akakizunguka tena. Mnajua nyote kilichooza kinakuwaje. Hata ukikitoa, kisiki kinabaki laini, kinaacha ute, hakina ukingo.

Masika alikuwa uani anatwanga. Muzee alishusha sauti.

“Ulikata na kisu ao na ukucha?”

“Na ukucha, Muzee.”

“Ulikuwa umenawa?”

“Ndiyo.”

“Saga makala kidogo uniletee. Inahitaji kukauka.”

Nilileta makaa, akayapaka mwenyewe. Nilipiga magoti, nikamwambia nisamehe, nikamweleza Masika, mizinga, mwanangu, vyote.

“Ungenifunga kamba juu ya kinga, unibebe kwa nguvu kama mbuzi,” akasema. “Ningepiga kelele, ningekutukana mupaka Kalunguta. Mais tumba ungeliacha. Na siku hizi tatu, Kavugho. Siku tatu niko nasema ni mimi.”

Hakusema nimekusamehe. Wala hakusema sikusamehe. Masika alipoingia na kuuliza tumba liko wapi, lile ambalo baba yake alilisifia kwenye barua ya mwisho, Muzee alimjibu bila kusita: “Basoda walilivunja ku barriere.” Na hivyo ndivyo alivyowaambia wageni wote. Kuna soda mmoja, kama bado yuko hai, aliyelaumiwa mwaka mzima katika nyumba ile kwa kosa langu.

Mwezi mmoja baadaye mpishi wa misioni alifika Butembo. Nilimuuliza habari za Beni, nikijua naulizia nini. Alisema wiki zile mbili baada ya sisi kuondoka, mtaa wetu haukusikia risasi hata moja. Hata kuku hakuibiwa. Ni wiki ya tatu ndipo waliingia, wakavunja vioo, wakang’oa plastiki kujengea vibanda, na sabo zote zikakauka juani. Kwa hiyo tungeweza kungoja. Ua lingefunguka, angeligusa, tungetoka salama na chungu chetu. Najua, najua. Asubuhi ile ya Jumapili hakuna aliyejua. Mume wa Masika ananiambia hivyo kila tukizungumzia vita, naye hajui ananiambia juu ya nini.

Sasa kumbukeni niliyowafundisha. Shina moja la sabo linatoa ua mara moja tu katika maisha yake. Ukilikata tumba, shina lile limekwisha. Unangoja mtoto atoke pembeni, akue, akomae. Mwaka na nusu, miaka miwili. Muzee alijua hesabu hiyo siku ile ile aliyogusa kisiki, na mimi nilijua kwamba anajua.

Alikaa na chungu kile dirishani. Nilikuwa nakwenda kumwona kila Alhamisi, baada ya soko. Tuliongea juu ya kazi tu. Hajawahi kurudia maneno yale. Mtoto wa mmea alitoka, akafikia urefu wa kiganja, na Muzee akawa anampima kwa vidole na kuniambia, “Bado. Bado.” Butembo ni baridi kuliko Beni, na miaka ile ya vita hata makaa ya kuota yalikuwa kazi kuyapata. Masika na mumewe walifanya walivyoweza. Kifua kilimkamata kwenye mvua nyingi, na wiki mbili hazikupita. Siku ya mwisho nilipomkuta alikuwa na mkono ndani ya majani.

Masika alinipa chungu. Alisema, “Chukua, wewe njo ulikipigania.” Nilikichukua.

Ua lilifunguka miezi minane baada ya mazishi. Nilifuata kila kitu. Njiti upande wa dirisha, maji asubuhi tu, sikugusa chungu. Niliomba, mimi Muprotestanti, hata kwa watakatifu wasio wangu, liwe zuri. Nilitaka liwe zuri ili nilie mara moja nimalize. Siku ya kumi nilifumba macho nikaligusa kama angeligusa yeye. Bendera inainamia kushoto, sawasawa na mama yake. Mkono mmoja mfupi. Kiatu kidogo, rangi ya chai iliyopoa. Nikasema ni ua la kwanza, ua la kwanza ni muongo. Nikangoja la pili, likaja vilevile. La tatu. Nimeshayaona zaidi ya ishirini.

Padiri angelitupa. Muzee Kasereka mwenyewe, kwa ua la pili, angeligusa, angecheka, angesema, “Eh, mchunga mbuzi ameshinda,” na angelitupa yeye kwa mkono wake. Nina hakika. Hilo ndilo nililomnyang’anya. Halikuwa ua zuri. Lilikuwa lake la kuhukumu, na mimi nilimwambia limeoza.

Masika akisoma haya, najua nitakuwa nimepoteza maharagi na dada pia. Nimechelewa kumwambia, nitampelekea mwenyewe daftari hili, Alhamisi.

Na ninyi, jambo la mwisho la kazi. Mmeniona siku hizi nainama sana juu ya vyungu. Jicho la kulia limeanza ukungu, la kushoto linafuata. Siku zinakuja mtakaponiongoza kwa mkono humu ndani, na mtakuwa na huruma, na mtataka kuniambia hili na lile nisisikie vibaya. Msithubutu. Kikioza, niambieni kimeoza. Mkivunja, niambieni mmevunja, nitawafokea, yatakwisha.

Ile sabo karibu na pipa ina tumba sasa. Limebakiza siku tisa au kumi. Bati lake lile la Beni bado lipo, lifuteni vumbi, lakini msigeuze chungu. Likifunguka niiteni, mnipe niliguse.